Santuri ya Baba Iliyotundikwa Mikumi Siyo Yenyewe

Admin, nifichie jina, maana kaka yangu anafuatilia ukurasa huu na huwa anatoa maoni hata kwa mambo asiyoyajua. Ingawa akisoma sidhani kama atajitambua. Hana masikio hayo.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, fundi cherehani hapa Kilosa, naishi na mama yetu mzazi. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na jioni alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya mashamba ya mkonge kule Rudewa. Bendi yao ilirekodi santuri moja tu, ile ndogo. Alipofariki aliacha gramafoni, boksi la santuri za watu wengine, na hiyo moja ambayo yumo yeye mwenyewe. Kaka ndiye mzaliwa wa kwanza, ana baa na vyumba vya wageni Mikumi. Siku tunagawana vitu hakutaka hata kuligusa lile boksi. "Takataka za mzee hizo, kaa nazo," alisema. Nilikaa nazo.

Gramafoni ilikuwa hoi na mimi sina hela za kuchezea. Lakini mtu anayeshika sindano kila siku anajua kuwa sindano butu inaharibu kitambaa, kwa hiyo nilianzia hapo. Fundi redio wa Morogoro alinitafutia sindano mpya na mkanda wa kuzungushia santuri, maana ule wa zamani ulikuwa umelegea na waimbaji wote walikuwa wanaimba kama walevi. Nikaazima pima maji kwa fundi mwashi, jirani yetu, nikaisawazisha meza. Nikakata kandambili zilizochakaa nikaziweka chini ya miguu ya gramafoni, kwa sababu kila lori likipita sindano ilikuwa inaruka. Santuri niliziosha moja moja kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na tone la sabuni ya vyombo, nikazifuta kwa kanga kuukuu na kuzianika kivulini. Siku niliyoweka ile ya Baba, Mama alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha mikono. "Hapo anavuta pumzi," akasema. "Msikie." Na kweli, pumzi ya Baba inasikika kabla hajapuliza. Nililia mpaka nikaona aibu. Tangu hapo, kila Jumapili tukitoka kanisani tunaisikiliza mara moja tu, isije ikachakaa.

Sasa kuna mgeni mmoja wa kule Mikumi akamwambia kaka kwamba santuri za zamani zinapendeza ukutani. Basi takataka zikageuka urithi. Akaja na gari, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba huku ameshashika boksi. "Mali ya baba inakaa kwa mtoto wa kiume," akasema. "Na ile ya tarumbeta iko wapi?" Kubwa zote amezigongelea misumari ukutani. Nyingine anawekea wateja bia juu yake.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Santuri ya Baba maandishi yake ya katikati yalishafutika, na kulikuwa na nyingine ndogo iliyofutika vilevile, masomo ya matamshi ya Kiingereza ambayo Baba alinunua alipokuwa anatafuta kupandishwa cheo. Nikampa hiyo. Kaka akaitia kwenye fremu ya kioo, akaiwekea taa, na kila mgeni anamwambia, "Huyu ni baba yangu." Mwaka wa pili huu anawaonyesha watalii mwalimu wa Kiingereza. Sitawadanganya, nimecheka sana.

Jumamosi hii ni sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Kaka amenunua gramafoni na ametangaza kwa ukoo mzima kwamba ataitoa santuri kwenye fremu, aipige ukumbini, binti amsikie babu yake. Wiki iliyopita nilikuwa Mikumi kumpima binti gauni, nikamkuta kaka anafanya majaribio kwa santuri nyingine. Sindano ikaruka. Meza ilikuwa imelala upande hadi soda ilikuwa karibu kumwagika, lakini bwana mkubwa hakuona meza. Alichukua sarafu ya shilingi mia mbili akaibandika kwa selotepu juu ya mkono wa sindano. "Umeona? Imetulia." Sindano ilikuwa inalima, ndugu zangu, mpaka vumbi jeusi likatoka. Nikamwambia, "Kaka, unaikwangua." Akanijibu, "Wewe shona."

Nilirudi Kilosa nina furaha mbaya. Nikamwambia Mama ajiandae kucheka Jumamosi, maana yeye anajua vizuri ile yenyewe iko kabatini. Hakucheka.

"Mpelekee," akasema.

"Mama, ataiharibu. Mara moja tu na ile sarafu, pumzi ya Baba haipo tena."

"Mimi na wewe tumeisikia Jumapili ngapi? Mwanangu yule hajaisikia hata siku moja."

Mpaka leo maneno hayo yananitia hasira. Msiniambie niirekodi kwa simu. Nilirekodi, Mama akasema huyo ni mtu mwingine, tena ana mafua. Msiniambie nipeleke gramafoni yangu nikakiri, namjua kaka, atachukua vyote na sarafu ataiweka palepale, ili tu isionekane mdogo wake wa kike amemfundisha. Nikinyamaza, mwalimu wa Kiingereza atasimama mbele ya ukoo na binti ataaibika siku yake, na yeye hajanikosea chochote.

Leo Jumatano. Jumapili iliyopita tuliisikiliza mara mbili. Ya pili ni Mama aliyeomba, na ilipoisha akaifunga mwenyewe kwenye kanga akaiweka juu ya cherehani yangu. Iko hapa mbele yangu ninavyoandika. Niambieni nifanye nini, nimwache kaka aumbuke, au nimpe Baba akamlime?