Nawe Umo

Kaka yangu hakuwahi kunikataza kuandika, haki yake nimpe. Alichosema, siku moja amekaa barazani kwetu Wete na kikombe cha chai mkononi, ni hiki: "Nionyeshe watu."

Nikampa simu. Nikamfungulia blogu yangu, nikamwonyesha vioyo vyekundu vilivyojazana chini ya kila nilichoandika, nikamsomea na maoni mawili matatu ya kunisifu. Akavitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua, kisha akanirudishia simu yangu.

"Hivi ni vioyo," akasema. "Mie nataka watu. Watu wana miguu."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Lakini haki ya kuuliza alikuwa nayo. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nimerudi kwa shangazi, dada yake baba yetu, na unga tuliokuwa tukila alikuwa akiununua yeye kaka. Tena alikuwa amenitafutia kazi Unguja, kwenye duka la vitambaa la rafiki yake, na pa kulala papo hapo. Kazi ya halali, sina neno nayo. Ila nilikuwa nikijijua: nikisimama dukani tangu asubuhi mpaka Isha, sitaandika tena hata mstari. Na tangu nitoke kwa mume, kuandika ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho sikupewa na mtu, wala hakuna wa kuninyang'anya. Niliogopa kukipoteza. Niliogopa kweli kweli.

"Basi nitawaita," nikamwambia. "Nitawaita wasomaji wangu hapa hapa nyumbani, uje uwaone kwa macho yako. Wakija, hilo la Unguja tulizike. Wasipokuja, mizigo nitaifunga mwenyewe."

"Haya," akasema kaka. "Mie na weye."

Sasa niseme wasomaji hao niliwapataje. Nilianza kwa kuandika mambo ya kwetu: ugomvi wa foleni ya bombani, mvua ya masika inavyomkatiza mtu usemi chini ya bati, wachumaji wa karafuu wanavyotupiana maneno kila mmoja juu ya mti wake. Niliandika kwa Kipemba chetu, kama tunavyosema nyumbani. Haikupita muda, mtu wa mbali huko akaniandikia: "Hii lugha gani? Andika Kiswahili." Ala! Nikamjibu kwamba hicho ndicho Kiswahili nilichonyonya, akitaka kingine akanunue. Watu wakacheka, wakaanza kunifuata.

Kisha nikaingiwa na tamaa. Huko mtandaoni kuna walimu wa kufundisha namna ya kupata wafuasi, na wote wana sauti ya kuuza dawa ya meno. Andika kila siku, wanasema. Weka kichwa cha habari cha kumshtua mtu. Onyesha uso wako. Uso nilikataa, wanautakia nini? Lakini mengine niliyafuata. Nikaandika "Mambo Matano Usiyoyajua Kuhusu Wapemba", uchawi umo, mchezo wa ng'ombe umo, na vioyo vikamiminika kutoka kila pembe. Nilifurahi, sisemi uongo. Nilipotulia nikaisoma upya, nikaona haya, maana yale matano hata mie Mpemba mwenyewe sikuwa nikiyajua. Nikaifuta. Wafuasi walioletwa nayo wakabaki kwenye hesabu, na hesabu ile ndiyo iliyonidanganya.

Basi nikaweka tangazo, nikalipamba kwa maua. Jumapili baada ya Asri, Wete, nikaeleza na nyumba ilipo, wasomaji wote wa blogu hii mnakaribishwa, chai ipo, nitasoma. Majibu yakaja mpaka simu ikapata joto. "Inshaallah." "Mashaallah, hongera dada." "Tuko pamoja." Mie nikahesabu kila inshaallah kuwa ni mtu na sahani yake. Siku ilipofika, mie na shangazi tulikaanga sambusa na kachori, tukachemsha chai ya mdalasini birika kubwa, tukatandika mikeka, ya wanawake uani, ya wanaume barazani.

Kaka alikuja kutoka msikitini, amevaa kanzu yake ya kwendea shughulini na kofia, masikini. Akakaa. Tukangoja. Akapita mtu na baiskeli, kaka akainua kichwa, mtu yule akatoa salamu akapita zake. Kuku wa jirani akapanda mkekani, shangazi akamfukuza, akapanda tena. Mpaka jua linaelekea kuchwa hakuja hata mmoja, wala wa kukosea nyumba. Sikujua uso niuweke wapi. Kaka alikula sambusa moja, akajipangusa vidole, na lililonichoma zaidi ni kwamba hakucheka. Angecheka ningepata wa kumrukia.

"Boti ya Jumamosi," akasema kwa upole.

Hapo shangazi akatoka uani, birika mkononi. Kwa mtaa wetu shangazi ndiye mtu wa kualika. Mwenye harusi, mwenye khitma, mwenye maulidi, humtuma yeye, naye huvaa buibui lake akenda nyumba kwa nyumba. Hupiga hodi, hukaa kitako, huuliza hali za watoto mpaka kitinda mimba, ndipo akasema: "Bi fulani anakusalimu. Siku fulani ana shughuli yake, nawe umo." Bila ya neno hilo, nawe umo, hakuna mtu mwenye heshima zake atakayeinua mguu.

"Boti ya nini?" akauliza.

"Tulipatana, shangazi," kaka akasema. "Kaalika watu, hawakuja."

"Kamwalika nani?" Shangazi akanigeukia. "Hebu nitajie mmoja. Ulipiga hodi kwa nani?"

"Niliweka tangazo, shangazi. Niliwaambia wote."

"Wote! Wote ndo nani, anakaa wapi? Ukiwa unakula barazani, mtu akapita njiani, humwambiaje?"

"Humwambia karibu."

"Naye?"

"Husema starehe."

"Akishasema starehe, huja akanawa mikono?"

Nilikuwa nalijua jambo hili tangu utotoni, hakuna aliyenificha. Jirani yetu, tunayepakana naye ukuta, aliozesha binti yake na hakutualika. Tulisikia vigelegele, tukanusa pilau, na mlangoni pake kila anayepita aliambiwa karibu. Hatukwenda. Tulikaa ndani na muhogo wetu, mie na shangazi, tumenuna. Na mtu huyo huyo mie ndiye niliyekwenda kuwaambia watu wa kisiwa kizima "mnakaribishwa" nikitegemea watakuja mbio!

"Shughuli hii haikuwa," shangazi akamwambia kaka. "Hakualikwa mtu. Huwezi kumhukumu mwenzio kwa shughuli isoalikwa."

Kaka akashusha pumzi. "Mpaka lini, shangazi?"

"Mpaka karafuu ziishe kuanikwa," nikadakia mie. "Na wasipokuja tena, hata hiyo boti siitaki, Unguja nitakwenda kwa kuogelea."

Shangazi alicheka mpaka chai ikamwagika. Kaka akavaa viatu vyake, akaenda kusali.

Kesho yake nikaanza. Niliacha kuandika "wapenzi wasomaji". Nilimwandikia kila mtu peke yake, kwa jina alilojiita, nikamsalimu, nikamuuliza hali na wa kwao, nikangoja ajibu, ndipo nikauliza anakaa wapi. Kazi inachosha hiyo, nyie! Bando liliisha katikati ya salamu. Wengi hawakujibu, na kumbe wengi wao hawakuwa watu hata kidogo, ni picha tu na namba. Mmoja alidhani nataka kumwibia, akanifungia. Nikamsamehe, nikapiga hodi pengine. Wa Mombasa na wa Maskati niliwaambia nao wamo, nitawarekodia sauti, na bwana mmoja aliye Maskati akanijibu kwamba tangu aondoke hakuna aliyewahi kumuuliza hali ya magoti yake.

Waliomo kisiwani niliwafuata kwa miguu yangu. Kijijini Wambaa nilimkuta mvuvi aliyekuwa akinitilia kioyo kila ninapoandika. Nilimfikiria kijana wa chuo. Kumbe ni mtu mzima mwenye wajukuu, ananisoma akingoja nyavu zikauke, na mkewe humkemea kwamba anacheka peke yake. Nikawaalika wote wawili.

Wingwi ndiko kulikonigeuza. Kulikuwa na mfuasi mwenye picha ya ua, hajawahi kuandika neno wala kutia kioyo, ila nilipomsalimu alinijibu na akanieleza njia. Nilipanda bodaboda mpaka kiuno kikakataa, nikamalizia kwa miguu. Nikapiga hodi. Ni mama kijana tu wa mtoto mchanga, yuko uani na wanawake wenziwe wanabangua njugu. Nikasema mie ndiye wa blogu. Alipiga kigelegele, Wallahi, mtoto akaamka analia.

Kumbe simu yake ndiyo pekee uani pale yenye mtandao. Kila mchana wakishamaliza jikoni hukaa, yeye husoma, wenzake husikiliza na kubishana. Bibi mmoja mkongwe akaweka ungo chini, akanitazama.

"Weye ndo ulosema mkate wa kumimina hautaki yai?"

"Ndiye mie, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kakufunza?"

"Shangazi yangu."

"Mwambie kapotea."

Nilicheka mpaka machozi. Ua mzima ule wa wanawake, na ugomvi wake wote na njugu zake zote, kwenye hesabu ya simu yangu ulikuwa mtu mmoja. Mie nikihangaika na vioyo visivyo na watu, na huku kuna watu wananisubiri kila siku bila kioyo hata kimoja. Nikamwalika kila mmoja kwa jina lake, kuanzia yule bibi. Njiani narudi nilitembea nalia, tena kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Baada ya hapo sikuandika tena kwa ajili ya wote. Nikikaa na simu yangu namfikiria yule bibi na ungo wake, najua hapa atabisha na hapa atatikisa kichwa, basi maneno huja yenyewe. Ajabu ni kuwa hata wasiomjua wakaanza kunijibu kwa maneno badala ya vioyo. Shangazi nilipomweleza alisema, "Mcheza kwao hutunzwa," kisha akauliza bibi wa Wingwi amesema nini hasa kuhusu mkate wake.

Karafuu zikaisha, majamvi yakakunjwa kando ya barabara, na siku ikafika. Safari hii nilikaanga kidogo, kwa hofu. Asri haijamaliza kusaliwa wakaanza kuja. Walikuja wa Wingwi ndani ya gari ya kukodi, bibi mbele, amepakata mkate wa kumimina wenye yai, umefungwa kwa kitambaa. Shangazi aliupokea kwa mikono miwili na uso wa mtu aliyeshtakiwa. Wakaja wa Wambaa, mume na mke. Wakaja wa Wete hapa hapa, wengine nawaona sokoni kila siku na sikujua kuwa wananisoma. Mikeka haikutosha, tukaazima kwa jirani, yule yule wa harusi. Nilikwenda kumwalika mapema, nikakaa kitako kwake na kumuuliza hali za wote. Akaleta mikeka mwenyewe.

Nikamtafuta kaka. Barazani hayupo. Nikachungulia nje, nikamwona ng'ambo ya barabara, amesimama kwenye kivuli cha duka na kanzu yake na kofia, mikono ameifumbata kifuani. Nikatoka na hasira zangu zote.

"Kaka, mbona umesimama huku? Huwaoni watu?"

"Nawaona."

"Basi si uingie!"

Akatazama viatu vyake. "Sikualikwa," akasema.

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa na mzaha. Nilikwenda Wambaa, nilikwenda Wingwi, nilimwendea mpaka jirani aliyetunyima pilau, na kaka yangu wa tumbo moja nilimwambia tu siku ile ya mwanzo aje aone. Na yeye naye, mtu mzima, hakupita akaingia. Mtu hangojei mwaliko wa mchezo wa watoto, hungojea mwaliko wa shughuli, na kwake hii sasa ilikuwa shughuli.

Nikajitanda vizuri mtandio wangu pale pale barabarani.

"Asalaamu alaykum, kaka."

"Waalaykumu salaam."

"Hujambo? Wifi hajambo? Watoto?" Nikawataja mmoja mmoja, mpaka kitinda mimba, naye akanijibu mmoja mmoja, bodaboda zinatupita na honi zao. Ndipo nikasema: "Mwandishi wa nyumba ile pale anakusalimu. Leo ana shughuli yake, nawe umo."

"Nimeupokea," akasema kaka, akaiweka sawa kofia yake.

Tukavuka. Akavua viatu kwenye ngazi ya baraza, akatafuta pa kukaa, akatazama huku, akatazama huku. Wanaume walikuwa wamebanana mpaka ukingoni mwa mkeka. Nikaleta ndoo, nikaigeuza karibu na mlango, akakaa juu yake na kanzu yake nyeupe. Mie nikasimama kizingitini, wanawake uani nyuma yangu, wanaume mbele, sauti ifike kote, nikafungua simu.

"Soma," akaniambia kaka kutoka kwenye ndoo yake. "Watu wanakungoja."