Waya wa Spika za Sebuleni

Baba yangu ana maneno mengi. Ni vile tu hayakuwa yetu. Miaka thelathini alikuwa fundi wa laini za simu, na alipostaafu akakata leseni ya redio ya mawasiliano, akasimamisha antena juu ya kijichumba cha uani. Kila siku saa kumi na moja jioni hujifungia humo kuongea na watu asiowajua hata sura. Ndani ya nyumba ukipata sentensi tatu kutoka kwake, shukuru.

Niliporudi kwetu baada ya ndoa yangu kuvunjika, nilikuta spika za sebuleni zinabwata maneno yake. Hata amplifaya isipopiga chochote, mradi imewashwa, sauti yake inatoka humo, nzito, yenye mikwaruzo. Nikachoka.

"Iache tu, mwanangu," mama aliniambia huku akichambua mchele.

Nikaona ni yale yale ya kumtetea mume. Nikamfuata baba mwenyewe.

Kosa lilikuwa lake. Mafundi wa simu wana ugonjwa wao: hawakati waya mzima. Spika zilihitaji mita nne. Yeye aliuacha na mita zake ishirini na tano, akauzungusha ukutani nyuma ya makochi. Waya mrefu hivyo ni antena ya pili, unadaka kila anachorusha. Safari hii, kwa shingo upande, akaukata. Akazisokota nyuzi zake mbili pamoja, akazipitisha mara kadhaa ndani ya pete nyeusi ya feraiti, ile ya kuzuia mawimbi ya redio, karibu kabisa na amplifaya. Sauti ikakatika. Nikampongeza, mjinga mimi.

Mama alisubiri baba atoke.

"Nilikuwa namsikiliza," akasema. "Humo ndimo nilimojulia kwamba ana uvimbe kooni. Alikuwa anamwambia rafiki yake wa redioni. Alhamisi anachukua majibu."

"Na wewe hajakwambia?"

"Angeniambia lini?"

Nilimchukia baba siku ile, waziwazi, na mimi mwenyewe nikajichukia zaidi.

Alhamisi alirudi saa tisa, bahasha ya hospitali imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Mama akamuuliza ametokea wapi.

"Nilikwenda kuangalia betri," akajibu, akapitiliza uani.

Ilipofika saa kumi na moja nikamwambia mama, "Twende tukasimame dirishani kwake."

"Mimi si mwizi, nimnyatie mume wangu."

Akawasha amplifaya, akafungua sauti mpaka mwisho, akaketi mbele yake na mikono mapajani. Saa nzima. Ulitoka mvumo mtupu.

Baba alipoingia, macho yalikuwa mekundu. Akaiona amplifaya inawaka.

"Spika bado zinasumbua?"

"Hapana," mama akasema. "Zimetulia."

"Afadhali," akasema, akavuta kiti kusubiri chakula.