Gari lililogawanywa kama ng'ombe wa Masisi

Saa nane mchana, Jumapili. Mvua imekatika sasa hivi Kyeshero, mtaa wa mji wa Goma, na uwanja wa Bienvenu Havugimana, wenye mawe meusi ya volkano yasiyo na huruma kwa viatu vya mgeni, unateleza kama sabuni. Bienvenu amemshika mama yake mkono. Wanakwenda polepole kutoka mlango wa jikoni hadi chini ya kibanda cha mabati, ambako gari limeegeshwa.

Ni Peugeot 404 ya mizigo, ile yenye turubai nyuma, ambayo watu wa umri fulani mjini Goma bado huitaja kwa heshima kana kwamba wanamtaja mkwe. Limepakwa rangi ya maziwa. Vioo ni vizima, taa zinang'aa, magurudumu yamejaa upepo.

Mama huyo, Pascasie Umurerwa, haoni tena. Amevaa kitenge alichotoka nacho kanisani. Anapapasa mlango, anaketi kwenye kiti cha abiria, anaubamiza mlango mwenyewe kama mtu anayekwenda safari. Kisha anafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, anatoa ufunguo, anampa mwanawe.

Bienvenu anazungusha ufunguo. Stata inakohoa, injini inajizungusha, inanyamaza. Anajaribu tena, inanyamaza tena.

Haiwezi kuwaka. Chini ya boneti, pale ambapo kabureta ingekaa ili ichanganye petroli na hewa, kuna kitambaa kilichoziba tundu. Bienvenu anajua, na mama yake anajua. Hata hivyo kila Jumapili wanakuja hapa na kujaribu.

Bienvenu ana miaka hamsini na mmoja. Siku za kazi anachomelea milango ya chuma katika karakana ndogo karibu na barabara kuu. Kazi hiyo imekuwa ya ajabu tangu mji ulipoingia katika mapigano mwanzoni mwa mwaka 2025.

"Vita ikiwa karibu, batu bote banataka mulango ya nguvu," anasema. "Vita ikiisha kuingia, hakuna mutu anauliza tena mulango. Anakimbia na anaiacha wazi."

Zamani mwezi mzuri ulimpa milango mitano au sita. Mwezi uliopita aliuza mmoja tu, nao ulikuwa wa choo. Analisema hilo huku akicheka, lakini si kicheko cha kumwambukiza mtu.

Gari lilikuwa la baba yake, marehemu Habarurema, mfugaji wa milima ya Masisi. Mwishoni mwa miaka ya sabini aliuza ng'ombe, akalinunua, akaanza kuteremsha jibini na maziwa mjini Goma. Nyuma, chini ya turubai, yalikaa maziwa. Jibini zilipakatwa na mkewe, kwenye kapu, kwa sababu mzee hakuamini kwamba zingefika salama zikirushwarushwa nyuma.

"Miguu yangu yote ilikuwa inanuka fromaji," anasema Mama Pascasie. "Na ile musindo! Meno ilikuwa inagongana. Ukitaka kuongea na bwana yako, unangoja kwanza mpaka ateremuke kilima."

Katika miaka ya tisini familia ilikimbia milima kwa sababu ya vita. Ng'ombe hawakuteremka nao. Gari liliteremka, likawafikisha Kyeshero, likazimika katika uwanja huu na halikuwaka tena. Mzee aliishi miaka mingi akilipita kila asubuhi akienda kunawa uso. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipokuja, mkewe aliwafukuza kwa ufagio.

Mzee alipofariki, Bienvenu alianza kulifufua. Hakuwa fundi wa magari. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, jioni baada ya kazi na Jumapili baada ya ibada, miaka nenda rudi. Sakafu iliyooza aliikata, akaijenga upya kwa mabaki ya milango ya wateja. Ukiinua mkeka wa miguuni unakuta tundu la kitasa. Kupitia tundu hilo unaiona ardhi.

Desemba 2024 gari liliwaka. Lilitoka kibandani, likafika kwenye geti, likarudi kinyumenyume. Majirani walipiga makofi. Mtu mmoja tu hakuwepo: Mama Pascasie alikuwa kwa binti yake Kiwanja, mji ulio kaskazini mwa Goma, na kule macho yake, yaliyokuwa yakififia tangu zamani, yalizima kabisa.

Bienvenu hakumpigia simu kumweleza. Alitaka iwe zawadi ya kurudi nyumbani.

"Nilisema, acha arudi, nimukalishe ndani, asikie yeye mwenyewe," anasema. Anatazama mikono yake. "Ile kungojea njo iliniua."

Januari ilipofika, milio ya bunduki ilianza kusikika upande wa mji wa Sake, na kila mwenye gari Goma aliogopa kitu kile kile: wenye bunduki wakihitaji gari, hawaombi. Wengine waling'oa betri. Wengine walitoboa matairi yao wenyewe. Bienvenu alifanya kama baba yake angefanya, na hapo ndipo masikitiko ya nyumba hii yalipoanza.

Wafugaji wa Masisi wana desturi ya kutowaweka ng'ombe wote katika boma moja. Mmoja anaachwa kwa rafiki ng'ambo ya kilima, mwingine kwa shemeji, mwingine kwa mtu mliyebatizwa naye. Anayelea ng'ombe anakunywa maziwa. Wezi wakija, au ugonjwa, hawamalizi kila kitu kwa siku moja, na baadaye mwenye mali anapita kwa marafiki akiwakusanya waliobaki.

Bienvenu aliligawa gari hivyo hivyo. Magurudumu yalikwenda kwenye stoo ya kanisa. Betri ilikwenda chini ya kitanda cha shemeji yake. Stata ilifichwa na jirani yake, Bashige, ndani ya gunia la makaa. Kabureta, kitu alichokithamini kuliko vyote, alimpelekea Célestin wa mtaa wa Mapendo, rafiki yake wa kwaya, aliyeimba sauti ya nne kando yake tangu ujana. Célestin aliiviringisha kwenye taulo na kuifungia kabatini.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza swali ambalo bila shaka msomaji naye analo: kwa nini asing'oe kifaa kimoja tu akakilalia mwenyewe?

Bienvenu hakukasirika. "Baba alinifundisha kuchunga mali ya kupumua. Ng'ombe mumoja akikufa, wale wengine banaendelea kutoa maziwa. Sikufikiria kama motokari haiko vile. Ukipoteza piyesi moja, hizi zingine zote ni chuma tu."

Siku za mapigano risasi iliingia nyumbani kwa Célestin. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na mbao hazijui kuzuia risasi. Célestin alikuwa amelala sakafuni pamoja na mkewe, Dorine, kama kila mtu. Ilimkuta hapo hapo.

Bienvenu alikwenda kwenye kilio. Alisaidia kubeba jeneza, aliimba, alirudi tena na tena kukaa na mjane. Kila mara kiti alichopewa kilikuwa kando ya kabati lile lile. Alijua kilichomo, na hakufungua mdomo.

Hiyo pia ni desturi, na si ndogo. Ukimwachia mtu ng'ombe, naye akafa, humdai mjane wake katika siku za matanga. Unangoja mpaka kilio kifungwe, na hata hapo unangoja mjane mwenyewe aanze kumtaja ng'ombe. Anayeuliza mapema huonekana amekuja kwa ajili ya mali, wala si kwa ajili ya marehemu.

"Ningesema je?" anauliza Bienvenu. "Yeye analia bwana yake, mimi nilie kabureta?"

Alipoona muda wa heshima umepita, akaenda. Kabati lilikuwa tupu. Paa la Dorine lilikuwa limetobolewa, chakula kimekwisha, na alikuwa amehamia kwa wakwe. Kabla ya kuhama alifagia kila chuma kilichokuwemo, sufuria iliyotoboka, pasi ya makaa, na kile kitu kizito ndani ya taulo, akampa mnunuzi wa chuma chakavu aliyekuwa akipita barabarani. Taulo alibaki nalo, kwa sababu lilikuwa la mumewe.

Dorine anakubali kuzungumza, ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya Bienvenu, mikono katikati ya magoti.

"Célestin hakuniambiaka kitu," anasema. "Alisema tu, usiguse hii, iko ya mutu. Nami nikasahau. Siku ile nilikuwa nasahau hata jina yangu. Papa Bénita, ungenisemea hata kwa sikio!"

Papa Bénita ni Bienvenu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Anamjibu Dorine kwa upole kwamba yamepita. Hayajapita. Unaona katika uso wa kila mmoja wao, na ukiwa umekaa katikati yao unatamani kuinuka uende zako.

Tangu siku ile Dorine humsaidia kutafuta. Jumamosi, wakipata nafasi, wanazunguka kwa wanunuzi wa chuma, yeye mbele, akichungulia nyuso akitumaini kuukumbuka ule mmoja. Vifaa vingine vyote vilirudi salama. Magurudumu yalirudi, betri ilirudi, stata ilirudi ikiwa na vumbi la makaa. Kabureta peke yake haijarudi.

Wakati huo Mama Pascasie alikuwa amerudi kutoka Kiwanja, kipofu, miguu imevimba. Daktari aliwaambia watoto kwamba moyo wake umechoka. Akasikia habari kutoka kwa majirani, kwamba gari la mumewe liliwaka na hakuwepo. Akaanza kuuliza kila siku.

Bienvenu alishindwa kustahimili. Jumapili moja aliazima jenereta ya Bashige, akaibana chini ya boneti, akamketisha mama kwenye kiti, akaiwasha.

Mama alisikiliza. Alitabasamu, akanyoosha kiganja na kukilaza kwenye dashibodi. Kisha tabasamu likaondoka.

"Hii ni grupu ya Bashige," alisema. "Ile anasharjia matelefoni."

Bienvenu akazima. Anasema hajawahi kuona aibu kama ile, hata alipokuwa mtoto na kukamatwa akila jibini ya kuuza. Mama hakupandisha sauti.

"Haitetemeke," alimwambia. "Motokari ya baba yako inatetemeka mpaka kwa mufupa. Mutoto yangu, baba yako hakunidanganyaka ju ya hii gari. Ikikataa, anasema imekataa. Sema nawe."

Bienvenu akasema imekataa.

Mama akanyoosha mkono, akadai ufunguo. Akaufunga kwenye pindo la kitenge, na tangu siku ile hautoki hapo ila Jumapili.

"Naogopa atanitoka kabla haijawaka," anasema Bienvenu akiwa mbali kidogo na kibanda, kwa sauti ya chini. "Sitaki kuiuza. Sitaki kuitembeza mujini. Asikie tu mara moja, hata kama itazimika palepale."

Lipo tumaini moja, na limeegemea ukuta wa kibanda. Ni mlango mpya wa chuma, rangi ya kijani, wenye komeo mbili. Dereva mmoja wa lori alimwambia kwamba Kiwanja kuna mzee mwenye mzoga wa 404, ambao siku hizi ni banda la kuku. Boneti haijafunguliwa kwa miaka mingi. Mzee huyo alivunjiwa mlango wa nyumba wakati wa vurugu, na amekubali: mlango mzima kwa kabureta.

Hakuna anayejua kama kabureta hiyo ni nzima. "Makuku yamelala juu yake," anasema Bienvenu. "Pengine imeoza. Nitaifungua, nitaisafisha, nitaona."

Mlango umekamilika tangu mwezi uliopita. Lori halijaja. Mara barabara imefungwa, mara imefunguliwa, mara dereva anasema asubiri kidogo, na mvua imeanza kuotesha kutu kwenye bawaba. Bienvenu amezipaka mafuta na kuufunika mlango kwa lile turubai la gari. Mpango wake, lori likikubali, ni kuupeleka mwenyewe na kurudi na kabureta mapajani, kwenye kapu, kama jibini. Safari hii hataiacha kwa mtu.

Chini ya kibanda Mama Pascasie bado ameketi, uso mbele, kapu la mboga alilotoka nalo jikoni likiwa mapajani. Anasikia nyayo za mwanawe zikirudi juu ya mawe.

"Leo nayo?" anauliza.

"Imekataa, mama."

"Haya." Ananyoosha mkono, anapokea ufunguo, anaufunga kwenye pindo na kukaza fundo kwa meno. Bienvenu anamfungulia mlango ashuke, lakini mama anashika kapu kwa mikono miwili na hasogei.

"Acha nikae kidogo," anasema. "Hatuyafika bado."