Kisanduku cha Ntalikwa Kinachoandika Kila Kitu

Saa tatu asubuhi, Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwanne Saidi amepiga magoti ndani ya kitalu nyumba, kidole kimezama udongoni kati ya miche ya nyanya. Leo fundi anakuja kukifungua kisanduku.

Chenyewe kimefungwa mlangoni, ukubwa wake kama redio ndogo. Sensa iliyochomekwa ardhini hukiambia kama udongo umekauka, nacho hupiga hesabu palepale na kufungulia maji kwenye mipira ya matone. Mtandao ukipotea, na huku hupotea kweli, wala hakijali. Na kila kinachofanya hukiandika.

Hilo la kuandika ndilo linalomweka roho juu mama huyu wa miaka hamsini na mbili.

Wiki tatu zilizopita, miche 140 kati ya 600 ilinyauka. Hetvi, mwenye shamba, akaamini kisanduku ni kibovu. Mwanne akanyamaza.

"Baba alitufundisha jembe halilali na udongo," ananong'ona peke yake huku akitazama barabara. "Jioni ile nikaing'oa sensa, nikaiosha, nikaiegemeza ukutani pamoja na majembe. Niliona natunza mali ya watu."

Jamani, ukutani kuna udongo gani? Sensa ikahisi ukavu mtupu, na kisanduku, maskini, kikamwaga maji mpaka kukakucha. Mwanne alikuta matope. Akairudisha sensa haraka, asimwambie mtu. Mizizi ikaoza.

Kibarua hiki kinalisha wajukuu wawili. Kwa umri wake, haoni nani atampa kingine.

Gari linasimama. Hetvi anashuka na fundi, anamwamkia Mwanne shikamoo. Mwanne anaitikia marahaba. Fundi anatoa bisibisi.

"Dada Hetvi, asikifungue kwanza," Mwanne anasema. "Ni mimi."

Anaeleza yote, kanga kaifumbata kifuani. Hetvi anauliza kwa nini hakusema.

"Niliogopa, mwanangu. Na sasa hivi naogopa."

Hetvi hasemi kama amesamehe. Anamwagiza tu fundi amfundishe Bi Mwanne kusoma kilichoandikwa, kuanzia leo.

Msimu ujao Mwanne anataka miche yote 600 ifike kuzaa, na kisanduku akisome mwenyewe kila asubuhi. Anajifuta kidole, anasogea mlangoni. Cha kwanza anaomba aonyeshwe kilichoandikwa usiku ule.

"Nione kilinisema vipi."