Kilio Kwenye Bustani Iliyofungwa

Mwaka ule nilikuwa mlinzi wa lango la bustani ya mji, Ifakara. Kabla ya hapo nilikuwa Mngeta nikifukuza ndege kwenye mpunga, na kabla ya Mngeta sikumbuki vizuri. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa na mtu, nilitaka tu kuona treni inaishia wapi.

Mama alifariki wakati wa masika, mimi nikiwa bado Mngeta. Barabara ya kwetu Masagati ilikuwa imekatika na simu yangu haikuwa na chaji. Habari ilinifikia wiki ya pili, ameshazikwa. Niliuliza amezikwa upande gani wa nyumba, nikaambiwa, nikarudi kwenye ndege wangu. Niliingoja huzuni kama mtu anavyongoja chafya. Haikuja.

Kwetu, mtoto aliyekosa maziko haendi kaburini peke yake. Mkubwa wa ukoo humfuata alipo akampeleka, na nguo za marehemu hazigawanywi mpaka afike. Basi nilipokwisha kuhamia mjini, mama mkubwa, dada yake mama, akanipigia simu.

"Jumamosi nakuja kukuchukua. Nitakukuta wapi?"

Sikuwa na nyumba ya kumwelekeza. Nilikuwa nalala kwa watu mtaa wa Kibaoni, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nikamwambia aulize bustani ya mji, mimi nipo langoni.

Ijumaa msimamizi wangu alileta kibao: BUSTANI IMEFUNGWA KWA SHUGHULI MAALUMU, LEO NA KESHO. Ilikuwa harusi. Haikunijia kumpigia mama mkubwa. Lango lilikuwa palepale, na mimi palepale.

Jumamosi asubuhi nilishinda nikirudisha watu. Alikuja mama mmoja mwenye mgonjwa hospitalini, aliyezoea kuanika nguo kwenye ua wetu wa michongoma. Akageuka na beseni lake. Akaja mfugaji mmoja wa Kisukuma ambaye kila akiwa na shida mjini hupumzika kwenye nyasi zetu. Alikisoma kibao polepole.

"Na nyasi nazo zimealikwa?"

"Shikamoo mzee. Ni mpaka leo jioni tu."

"Marahaba. Ng'ombe wangu wakiingia shamba la mtu mmoja, naitwa ofisini. Huyu mwenye harusi kaingia pa watu wote, anapigiwa vigelegele."

Akacheka, akaenda zake. Mimi nilitaka kujua jibu. Nikamuuliza mpambaji wa harusi ni nani hasa huamua mahali pa wote pawe pa mmoja.

"Kaka, wewe linda lango," akasema.

Saa tano hivi mama mkubwa akatokea na mfuko wake. Aliona maturubai, viti kwa safu, masufuria makubwa motoni, kina mama waliojifunga kanga wakichambua mchele. Kule kwetu, ukiona turubai na masufuria ya ukubwa ule, mtu amekufa. Akanitazama usoni.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema.

Akauachia mfuko, akaweka mikono kichwani, akaingia akilia. "Mdogo wangu ee! Umeniacha na nani!"

Mpishi mmoja akainuka na kumkumbatia. "Pole mama, pole."

"Kwani nani kafa?" mwenzake akauliza.

"Sijui. Si unaona analia?"

"Mlinzi!" mpambaji akapiga kelele. "Mtoe huyo, bibi harusi yuko njiani!"

Hakuna aliyekuwa amemlilia mama mbele yangu. Nilisimama nikasikiliza kidogo. Sauti ya mama mkubwa ilipanda mwishoni, kama ya mama yangu akiita kuku. Kisha nikamshika mkono.

"Nyamaza, mama. Ni harusi ya watu."

"Harusi?" Akatazama vitambaa vyeupe, akajifuta uso kwa kanga. "Na msiba wa mama yako uko wapi?"

"Haupo."

Akawaomba radhi wapishi, tukatoka nje, tukakaa kwenye ukingo wa mtaro.

"Basi linaondoka saa saba," akasema. "Unakuja au huji? Watu wamekaa, nguo zimefungwa. Sema tu, nijue."

Zamu yangu ilikuwa mpaka jioni, na kuondoka kungekuwa ndio mwisho wa kazi. Nilitafuta sababu ya kwenda, sikuipata. Nikatafuta ya kubaki, nayo sikuipata. Nikampelekea mpambaji ufunguo.

"Unaenda wapi?"

"Msibani."

"Wa nani?"

"Mama yangu."

Akaupokea ufunguo.

Kesho yake mama mkubwa alinitangulia kaburini akilia kwa ajili yetu wawili. Nyasi zilikuwa zimeshaota juu ya kaburi. Nguo ziligawanywa mchana. Mimi nilipewa sweta. Lilinibana mabegani, nikalivaa hivyo hivyo.