Kisu cha Baba Siku ya Idi

Watu hupenda kuniuliza kama mlevi anaweza kuishi kama wengine, akafanya kazi, akalea watoto. Swali hilo linanichosha. Baba yangu alikunywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kila asubuhi, na pale Yoba, mtaa wetu wa Gitega, hakukuwa na mchinjaji kama yeye. Akipata glasi yake, mkono unatulia tuli. Kabla hajaipata, hata kikombe cha chai kilimshinda kushika. Aliyejua ni mama tu, na mimi.

Ila dini yetu haichezi na kisu. Anayechinja awe na akili zake timamu, ataje jina la Mungu, mnyama asiteswe. Nyama ya kuchinjwa na mlevi hatuli. Waislamu wa Gitega walikula kwa mkono wa baba bila kujua, na jambo hilo lilimla roho.

Vita vikatukimbiza mpaka Muyinga, kwa shangazi. Tulikula mihogo yake huku ametununia. Basi wazee wa msikiti wakasema, mgeni achinje ng'ombe wa Idi tumwone. Akiweza, kazi ya machinjioni ni yake. Jamani, tuliitaka kazi ile!

Asubuhi ya Idi mama akamwekea glasi. Baba akaisukuma.

"Leo mi sinywi. Mungu ametutoa kule wazima. Nitachinja safi."

"Baba watoto, kunywa kidogo tu," mama akambembeleza, yeye aliyeomba miaka yote mumewe aache. "Mkono utakuaibisha."

"Niache, mama watoto."

Baada ya sala, alisema Bismillahi kwa sauti iliyonitoa machozi. Kisha kisu kikatetemeka, kikateleza, ng'ombe akalia, akainuka na damu shingoni. Yoo! Sitaki hata kukumbuka. Mtu mwingine akaruka kummalizia.

"Huyu iko amelewa!" mmoja akapiga kelele. "Angalieni mkono yake! Siku ya Idi, we!"

Wakamnyang'anya kisu. Jasho lilimtiririka. Mimi nilitaka kuwararua wote. Mama akanivuta kanga ninyamaze, maana kumtetea baba kungekuwa kuyafichua ya Gitega yote.

Kazi wakampa mwingine. Mpaka leo Muyinga wanamtaja kama yule mlevi wa Idi. Na mimi, tangu nizaliwe hadi tulipomzika, hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona baba yangu hajanywa.