Bibi aliniuliza "huyu unamjua?" nikamjibu kitu kingine: wakala wa laini alivyopita na vidole vya jirani yangu Kasulu

Wakuu habari za humu, na dada zangu mnaosoma kimya kimya kama nilivyokuwa mimi miaka yote.

Leo nimeamua kuandika mwenyewe. Sitaongeza chumvi, na pale ninapoonekana mjinga sitapunguza, maana hapo ndipo penyewe.

Mimi ni fundi cherehani, kijijini, wilaya ya Kasulu, upande wa Rungwe Mpya. Cherehani yangu iko barazani na inatazama njia. Anayepita nimemwona, anayerudi nimemwona. Mume wangu ananiita kamera ya kijiji.

Na kweli nilikuwa najiona mjanja. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukiingia kwenye simu ya mtu hapa jirani, analetewa nani aseme kama ni wa kweli? Mimi. Nasoma, nacheka, namwambia futa hiyo, matapeli hao.

Shikeni hilo, tutalirudia.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa Bibi Venansia. Ni mjane, anaishi peke yake. Binti yake Joselina kaolewa Kibondo, anauza dagaa sokoni kule. Bibi alivuka kutoka Burundi wakati wa vita akiwa na huyo Joselina mgongoni. Akakaa kambini, akahamishwa, akahamishwa tena, mwishoni akapewa uraia. Ni Mtanzania kama mimi na wewe. Cheti chake cha uraia kakifunga kwenye nailoni mbili, na mvua kubwa ikinyesha lazima akitoe aangalie kama hakijaloa.

Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni. Sisi huku nyumbani tunaongea Kiha, na Kiha chetu na Kirundi chake vinaelewana bila shida. Shida inakuja akifika mtu wa ofisi au mtu wa mjini. Hapo ndipo ninapoitwa mimi nikae katikati.

Sasa siku ya tukio.

Asubuhi nilimwona kijana mmoja anapita na njia. Fulana safi, kizibao cha kung'aa, begi mgongoni, kile kimashine cha alama za vidole kinaning'inia shingoni. Akaingia kwa Bibi. Hakukaa hata kidogo, akatoka.

Bibi alipopita kwenda kisimani akaniambia, "Nimemfukuza yule. Anataka vidole vyangu, mimi nilishaandikwaga."

Nikacheka. Nikamwambia sawa Bibi.

Naomba mlione hili wakuu. Bibi asiyejua kusoma alishamaliza kazi. Alishajilinda. Kama ningebaki na cherehani yangu, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Mchana yule kijana akarudi, safari hii kwangu. Mkanda wa begi umekatika, anaomba nimshonee. Nikamshonea. Mazungumzo yake matamu, dada huku dada kule, Kiswahili cha Dar kile cha kuteleza. Akasema yeye ni wakala wa laini, wanahakiki nyumba kwa nyumba, huduma ni bure kabisa, na laini ambazo hazijahakikiwa zinafungwa wiki hii hii.

Akachukua kidole changu. Kikasoma mara moja. Akasema, "Dada una vidole vya ofisini wewe."

Nikajisikia. Ndiyo, nacheka sasa hivi kwa uchungu, lakini siku ile nilijisikia.

Kisha akashusha pumzi. "Yule bibi pale namwonea huruma. Laini yake ikifungwa nani atampata? Hanielewi lugha tu. Ungenisaidia lugha, dada."

Nikamfikiria Joselina, ambaye kila Jumapili baada ya kanisa anampigia mama yake. Laini ikifungwa, Bibi atakaa na kale kasimu mkononi akisubiri. Nikanyanyuka. Cherehani nikaiacha na nguo ya mtu chini ya sindano.

Hapa nisimame kidogo kwa wale wasiojua mambo ya huku kwetu.

Huku mgeni akija peke yake, unamuuliza yeye. Lakini akija na jirani yako, yeye humuulizi kitu. Unamuuliza jirani. Jirani akishajibu umemaliza, unatoa kigoda, mgeni anakaa. Anakuwa mgeni wa aliyemleta. Nimekulia kwenye hilo, nalijua tangu sijaota meno ya mbele.

Tulipofika mlangoni, Bibi hakumtazama kabisa yule kijana. Alinitazama mimi. Akaniuliza kwa Kiha changu, siyo hata Kirundi chake, "Huyu unamjua?"

Nikamjibu, "Ni mtu wa simu, Bibi. Wanahakiki, wasije wakakufungia laini."

Basi. Akatoa kigoda.

Nimeirudia hiyo sehemu kichwani mara nyingi mno. Aliuliza kama namjua. Mimi nikamwambia kazi yake, na hata hiyo kazi aliniambia mwenyewe barazani kwangu.

Kilichofuata ndicho kinaniumiza zaidi. Kijana alinakili namba ya kitambulisho cha taifa cha Bibi, kisha akataka kidole.

Mnajua vidole vya watu wa jembe. Bibi amelima na kumenya mihogo maisha yake yote, dole gumba lake ni laini kama kijiko kilichosuguliwa na majivu. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa walihangaika naye hadi watu wa nyuma kwenye foleni wakanuna. Kwa hiyo kijana aliposema "haijasoma, aweke tena," nani ashangae? Wala Bibi mwenyewe hakushangaa. Alicheka akasema vidole vyake vilishaliwa na jembe.

"Haijasoma. Weka tena."

Nikaenda kwangu kuchukua maji ya moto na sabuni. Nikamwosha mikono. Nikamkausha na kanga yangu. Nikalishika dole gumba lake kwa mkono wangu nikalikandamiza pale kwenye kioo.

"Bado. Kidole kingine."

Nikashika kingine.

Kila mara kimashine kikilia, kijana anatikisa kichwa kwa masikitiko, anabonyeza bonyeza, anasema tujaribu tena. Kioo cha maandishi amekielekeza kwake. Mimi ninayejua kusoma sikuomba hata kuchungulia. Nilikuwa bize kuwa msaada.

Mwisho akasema imekubali. Bibi akamshukuru. Akamchemshia mahindi, akala, akaondoka. Na mkanda niliomshonea begani.

Wiki zikapita. Nikasahau.

Siku moja akaja mwenyekiti wa kitongoji na askari wawili waliovaa kiraia. Wanamtafuta Venansia, na majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nikaitwa, kama kawaida, nikae katikati.

Ikatoka hivi: kuna watu wameibiwa kwenye simu, mikoa ya mbali huko, na namba zilizotumika zimesajiliwa kwa alama za vidole za Bibi. Laini nyingi, siku moja.

Kumbe kila "haijasoma" ilikuwa imesoma.

Nikawaeleza askari yote, wakaelewa. Niwe mkweli, walikuwa waungwana. Mmoja akasema, "Mwambie bibi asiogope, tunaona kabisa ametapeliwa. Kesho aje kituoni na vitambulisho vyake vyote, tuandike maelezo."

Nikatafsiri. Neno kwa neno, kama mashine.

Bibi akauliza, "Vyote?"

Nikasema, "Vyote, Bibi. Nitakusindikiza."

Akaitikia "ego", yaani ndiyo, akaingia ndani.

Ningekuwa na akili siku ile ningekaa naye. Ningemwambia wanataka kuviona tu, anarudi navyo nyumbani. Mtu aliyefukuzwa na kuhamishwa maisha yake yote, ukimwambia watu wa serikali wanamtaka na karatasi zake zote, yeye anasikia safari. Mimi nikarudi kumalizia sketi ya mteja.

Asubuhi nafungua mlango, kuku wake kafungwa kwenye mguu wa cherehani yangu. Kafungwa na kipande cha kitenge nilichomkatia mwenyewe mwaka huu. Nikatazama kwake. Mlango umefungwa, jembe halipo, moshi hakuna.

Nililia pale barazani wakuu, na watu wanapita.

Nikaenda kituoni peke yangu. Wakasema maelezo yangu wameyapokea, lakini mwenye jina lazima aje. Na sasa ameondoka, haileti picha nzuri. Jina lake safi ndilo kitu pekee alichokihangaikia tangu aingie nchi hii, na mimi nimelichafua, halafu nimemfanya aonekane anakimbia.

Nikapanda gari la Kibondo.

Joselina nilimkuta sokoni kwenye meza yake ya dagaa. Hakuniitikia salamu.

"Dada, si wewe ndo ulimletaga yule?"

Nikasema ni mimi.

"Mama anasema alishamfukuza. Alishamfukuza! Wewe ukamrudisha mkono kwa mkono."

Wateja wamesimama wanasikiliza. Akafunika dagaa zake, akanipeleka nyumbani.

Bibi alikuwa uani na sweta lake lile lile la kila siku. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Akaniuliza habari za kuku, akasonga ugali wa muhogo, akanikaribisha nile kwanza.

Tulipomaliza akasema, taratibu tu, "Nilikuuliza, mwana wanje," yaani mwanangu.

"Uliniuliza, Bibi."

"Ningemuuliza nani mwingine?"

Nikamwomba msamaha. Nikamweleza kuhusu zile karatasi, kwamba hakuna anayezichukua, na kwamba tunaweza kwenda kituo cha hapo hapo Kibondo. Ilibidi nilale. Kesho yake akakubali, Joselina akatusindikiza.

Pale kituoni askari alitusikiliza, akapiga simu Kasulu, akaandika maelezo. Cheti cha uraia akakitazama, akakirudisha mikononi mwa Bibi na nailoni zake. Akasema zile laini zitafungwa, na Bibi hana kosa. Kilichobaki ni kuweka dole gumba chini ya maelezo.

Akasogeza kidau cha wino.

Bibi akaficha mkono ndani ya kitenge. Akanigeukia. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Huyu unamjua?"

Ulimi ulishaanza. Nilikuwa nataka kusema ni askari, Bibi, ni mtu wa serikali, tazama sare zake. Jibu lile lile.

Nikasema, "Oya, Bibi," yaani hapana. "Simjui."

Askari akataka kujua tunasemaje. Nikamtafsiria. Akakunja uso kidogo, kisha akaweka kalamu chini. "Mwambie kwetu ni Nyabibuye. Mama yangu yupo kule, analima mihogo kama yeye. Na wewe msomee maelezo yote kabla hajaweka kidole."

Nikamsomea kwa Kiha, mstari kwa mstari. Nilipomaliza nikanyoosha mkono kumsaidia kushika kidole. Akausogeza mkono wangu pembeni, siyo kwa hasira. Akaweka mwenyewe. Likatoka doa tu, halina hata mstari mmoja. Askari akasema inatosha.

Nikafurahi kama mjinga. Tulipotoka nje nikamwambia, haya Bibi, yameisha, twende nyumbani, maharage yako yanaliwa na magugu.

Akanishika bega.

"Nyumba ninayo," akasema. "Ila mlangoni kwangu sina tena wa kumuuliza."

Nikarudi Kasulu peke yangu.

Sasa wakuu, mtaniambia angalieni idadi ya laini zenu kwenye simu, usikubali wakala wa kutembea majumbani, nenda dukani kwao kwenye ofisi inayojulikana, ukiambiwa haijasoma omba uone kioo, na akikataa ondoa kidole chako. Yote kweli. Nimeangalia ya kwangu, ipo laini moja tu, ile ile yangu. Mimi hakunigusa kwa sababu najua kusoma. Alinihitaji kwa kazi nyingine.

Hicho ndicho nilichojifunza. Tapeli hakuja na ujanja mkubwa. Alikuja na mimi. Wenye wazee majirani, wenye watu wasiojua lugha, wasioona vizuri, ninyi mnaoitwa kukaa katikati: mkiulizwa kama mnamjua mtu, jibuni hilo hilo mliloulizwa. Kama humjui sema humjui, hata kama amesimama pembeni yako anatabasamu. Na mzee akishasema hapana, usiende kumfungulia mlango kwa jina la msaada.

Yule kijana hajapatikana mpaka leo. Kuku yupo. Nimemfungua, mchana anachakura kwangu, jioni anakwenda kulala mlangoni kwa Bibi.

Mwenye kunisema aniseme, nitasoma yote na sitabishana. Ila kama kuna mtu humu aliwahi kuvunja imani ya mzee namna hii na akarudishiwa, naomba aniambie alianzia wapi.